Tulipoufuata Mkaa Mpaka Visiga

Mama mwenzetu, ukinunua mkaa wa kopo gengeni huulizi umetoka wapi. Unaangalia tu kama kopo limejaa. Sisi akina mama watano wa mtaa mmoja jijini Dar es Salaam tulikuwa hivyo hivyo miaka yote, mpaka Jumamosi moja tulipofunga safari kwenda kujionea wenyewe.

Tulipanda daladala ya Mlandizi pale Mbezi. Watoto wawili tuliowachukua walikuwa wamevaa nguo za kuogelea kwa ndani, kwa kuwa walisikia tunakwenda Mkoa wa Pwani! Ilibidi tuwaeleze kwamba Visiga, kilomita kama 50 kutoka mjini kwa barabara ya Morogoro, haina bahari. Ufuko wa mkoa huo uko Bagamoyo, Mafia na kwingineko. Na mkaa wake si makaa ya mawe kama ya Kiwira na Ngaka, huko kusini. Ni mkaa wa miti.

Wengi wanaijua Visiga kwa seminari yake. Sisi tuliiacha lami, tukatembea kwa miguu hadi shambani kwa bibi mmoja mjane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Msisogee, hapo pana moto."

Tulidhani tumeona kaburi kubwa. Kumbe ndilo tanuri. Magogo hupangwa, yakafunikwa majani, kisha udongo, ukaachwa mlango mdogo wa kutilia moto. Kuni haziwaki, hufuka tu, wiki nzima au zaidi. Udongo ukipasuka hewa ikaingia, kazi yote inageuka majivu. Ndiyo maana bibi alikuwa akiamka mara tatu usiku na jembe lake. Hata hivyo, katika tanuri la namna hii kilo 10 za kuni kavu hutoa kilo moja na nusu au mbili tu za mkaa. Nyingine imekuwa moshi.

Tulimwuliza kwa nini asiache kukata miti. Naye akatuuliza kwa nini sisi tusiache kununua. Tukanyamaza. Ada ya mjukuu wake inatoka katika magunia hayo. Nyumbani kwake tuliona mafiga matatu na matawi makavu: yeye mwenyewe hapikii mkaa, wote unakwenda mjini. Tulikumbuka mwaka 2006, serikali ilipopiga marufuku biashara ya mkaa kwa wiki chache tu. Jinsi tulivyohangaika na bei!

Jumamosi iliyofuata tulikwenda upande wa pili, Kisarawe, kwa njia ya Pugu. Tulipita karibu na shule alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipojiuzulu mwaka 1955. Watoto walitaka mapango, nayo yapo, ila si ya asili. Ni njia zilizochimbwa na watu ndani ya kilima wakifuata kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Wachimbaji walipoondoka, popo wakahamia. Ukuta ni mweupe kama unga, na harufu, samahani, hatutaieleza. Mmoja wetu alikataa kabisa kuingia, akabaki nje na mikoba yetu.

Msitu unaozunguka mapango hayo ni mabaki ya misitu ya pwani iliyo karibu kabisa na jiji. Umehifadhiwa tangu enzi za ukoloni, lakini miaka ya 1990 wakata mkaa waliuingilia sana, pamoja na jirani yake Kazimzumbwi. Kutoka milima hii ndiko unakoanzia Mto Msimbazi, ule ule unaofurika Jangwani na kuingia majumbani mwa watu. Mteremko ukibaki bila miti, maji ya mvua hayana cha kuyazuia. Kwa hiyo gogo la Pugu tunaweza kulilipia mara mbili, gengeni na tena masika.

Giza lilipoanza kuingia popo walitoka, maelfu kwa maelfu, mstari mrefu kama moshi wa tanuri la bibi. Watoto waliacha hata kupiga kelele.

Tulifika nyumbani saa mbili usiku, njaa inauma. Mmoja wetu ana mtungi wa gesi, chai tukaichemsha kwake. Maharage ya Jumapili tuliyaloweka usiku ule ule, maana yakilowekwa hula mkaa kidogo.