Sindano ya Nyanya

Kila tulipofika Nairobi, kabla hata ya chai, nyanya alinipa sindano na uzi. Alikuwa akishona kofia za viua nyumbani kwake Majengo, Pumwani, na macho yake yalikwisha kupungua nuru. Nilimwamkia, “Shikamoo, nyanya,” naye akajibu, “Marahaba, mwanangu. Hebu nitungie hii.” Sikujua wakati ule kwamba sindano ile ndiyo ingenifundisha kuyajua magari.

Mjomba wangu, mwanawe nyanya, alikuwa fundi Mombasa. Wenye magari waliomwamini walimpa kazi ya kuwapelekea magari yao Nairobi, na shule zikifungwa alinichukua niwe utingo wake. Kazi yangu ilikuwa kufuta kioo, kuchunga maji ya rejeta na kutunza kapu la kumpelekea nyanya. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, tukavuka Makupa, na jua lilitukuta tumeshapita Mariakani. Mbele yetu zilibaki kilomita mia nne na zaidi: nyika ya Taru, Voi, mbuga ya Tsavo na ndovu wake waliojipaka udongo mwekundu, Mtito Andei, Makindu, kisha kupanda mpaka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari.

Desemba 1977 tulipewa gari la michezo, jekundu, la viti viwili na paa la turubai. Nilikuwa na miaka 13, na vijana wa mtaani walinionea wivu. Mpaka Maji ya Chumvi nilikuwa mfalme. Baada ya hapo barabara ikaanza kunidai. Springi zilikuwa ngumu kama mbao, kila kiraka cha lami nilikihesabu kwa uti wa mgongo. Joto la injini lilipenya miguuni, upepo ulipiga turubai kama tanga lililokatika kamba, na mjomba akitaka kuniambia neno ilimbidi apige kelele. Buti lilikuwa dogo hata kapu la nazi na maembe halikuingia, nikalipakata njia nzima. Gari lilikwenda mbio kweli, siwezi kulisingizia. Lakini tulisimama mara kwa mara kunyoosha miguu, na mbio zote tulizozipata zikapotea kando ya barabara.

Tulipofika Majengo masikio yalikuwa yakivuma. Nyanya akanipa sindano. Nikajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Uzi ulipita kushoto, ukapita kulia, vidole vikitetemeka kama vya mgonjwa wa homa. Nyanya akanishika mkono, akautazama, kisha akamgeukia mwanawe: “Umemleta kwa gari au kwa kinu?” Mjomba akainamisha kichwa.

Agosti 1978 mfanyabiashara mmoja alimkabidhi mjomba Peugeot 504 ya milango miwili, rangi ya fedha. Hizo hazikuwa nyingi. Pijo tulizozizoea zilikuwa za milango minne, au zile ndefu zilizobeba abiria. Lakini hii ya milango miwili, yenye injini ya V6 ya sentimita za ujazo 2,664, tuliijua kwa habari moja: Pasaka ya mwaka ule Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo. Tulikuwa tumekaa redioni kusikiliza matokeo, na sasa nilikuwa nafungua mlango wake kwa mkono wangu.

Karibu na Mackinnon Road, lori lililokuwa likija lilitanua kwetu. Mjomba akashusha magurudumu ya kushoto nje ya lami, pale ukingo ulipomegwa na mvua. Nilikaza meno nikingoja kishindo. Gari lilishuka, likainuka taratibu kama mashua inayopanda wimbi, likarudi barabarani. Usukani haukucheza mkononi mwake. Tulisimama msikitini kwa Sayyid Baghali, kama wafanyavyo wasafiri wengi, tukaswali rakaa mbili na kuacha sadaka.

Mtito Andei, tulipokuwa tukijaza petroli, mjomba aliniinamisha nichungulie chini ya gari. Akanionyesha springi ndefu, na jinsi kila gurudumu la nyuma lilivyojitegemea, hili likizama shimoni lile halina habari. Akanionyesha breki za diski kwenye magurudumu yote manne. “Mwanangu,” akasema, “hili halikimbii barabara. Linaelewana nayo.”

Jambo nilikumbukalo zaidi ni ukimya. Vioo vimepandishwa, mshale uko 120, injini inavuma chini chini bila kujikakamua hata kwenye mwinuko wa Sultan Hamud. Kapu lilikuwa nyuma kwenye buti, pamoja na sanduku letu na masanduku mawili ya mwenye gari. Na kwa sababu tuliweza kusikilizana, mjomba alinisimulia habari za babu: alivyopanda treni kwenda Nairobi akiwa kijana, alivyopata chumba Pumwani, alivyomposa nyanya. Safari zote zilizotangulia hakuwahi kunisimulia. Sidhani alikuwa akinificha. Magari yale hayakutupa nafasi.

Nilipokua nikasoma kwamba Waitaliano wana jina la gari la namna hii: gran turismo, yaani safari kubwa. Wengi huitaja Lancia Aurelia B20 ya mwaka 1951 kuwa ndiyo iliyoweka mfano: paa la chuma, viti vya kukalia siku nzima, V6 ya lita 2. Mwaka huohuo ilishika nafasi ya pili kwenye Mille Miglia, mashindano ya maili 1,000 katika barabara za Italia, na iliyoitangulia ilikuwa Ferrari ya lita 4.1. Pinin Farina, aliyeunda mabodi mengi ya Aurelia, ndiye ambaye kiwanda chake kiliichora na kuiunda bodi ya ile 504 yetu. Nilifurahi kulijua hilo, lakini maana ya jina nilikuwa nayo tangu Majengo. Gari la safari kubwa lina nguvu ya kutosha kisha haliitumii kumtesa aliyemo. Linakula masafa, halimli msafiri.

Siku ile tuliingia Pumwani adhuhuri. Nyanya akanipa sindano. Nikalamba ncha ya uzi, nikautia tunduni, ukapita mara moja. Akaniletea ya pili, ya tatu, akafungua kikopo chake chote; nikazitunga sindano kumi na mbili nimekaa kwenye mkeka, mjomba akinitazama bila kusema kitu. Usiku ule nyanya hakulala mapema. Alikuwa na kofia iliyokwama wiki mbili kwa kukosa macho ya kumtungia uzi.

Gari tulilifikisha kwa mwenyewe kesho yake, tukarudi Mombasa kwa treni ya usiku. Mjomba alikaa dirishani amevaa kofia mpya. Kila taa za gari zilipotokea upande wa barabara alinigusa bega, tukazifuata kwa macho mpaka zikapotea, na kwa sauti ileile ya jana akaendelea na habari za babu pale alipoachia.