Penalti Mbili za Jioni Moja

Zipo dhambi ndogo ambazo mtu huzitenda hadharani, asikamatwe na yeyote, na bado zikamwandama kwa miaka ishirini. Yangu niliitenda Jumapili ya tarehe 24 Oktoba 2004, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wala sikujificha. Niliitenda nimekaa juu ya kiti cha plastiki katika ukumbi wa runinga wa bweni letu, mbele ya mashahidi zaidi ya mia mbili, wote macho kodo. Lakini ili dhambi yenyewe ieleweke, sina budi kuanza na ushabiki wangu, na ushabiki huo haukuanzia chuoni.

Nilizaliwa katika nyumba ya AFC Leopards. Kwetu mtoto hakuulizwa timu aipendayo, kama vile asivyoulizwa jina la ukoo alitakalo. Baba alikuwa na redio ya betri iliyokazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na jioni za mechi aliitundika kwenye msumari ukutani, akaamuru kimya. Mtangazaji akiwa Leonard Mambo Mbotela, kimya hicho kilikuwa cha ibada. Mzee huyo alituaga Februari 2025, na nilipoisikia tanzia yake sikumkumbuka kwanza kwa kipindi cha “Je, Huu ni Uungwana?” kilichompa sifa kote nchini, niliukumbuka ukuta ule na msumari ule. Sikupata kuutia mguu uwanja wowote mkubwa hadi nilipokuwa kidato cha pili, lakini nilikuwa nimekwisha kuuona kwa masikio: winga kaambaa pembeni, krosi imemiminwa, mpira umegonga mtambaa panya. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuna panya halisi aliyetembea juu ya goli. Baadaye sana nikaja kuelewa kuwa mtambaa panya ni boriti ya nyumba, ile ambayo panya huifanya barabara yake usiku, na kwamba aliyeihamishia boriti hiyo uwanjani, awaye yote, alistahili shahada kuliko wengi wetu tuliozisomea.

Mahasimu wetu walikuwa Gor Mahia. Klabu yetu ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa jina la Abaluhya, ikaja kuwa AFC Leopards mwaka 1980, wakati timu zilizobeba majina ya makabila zilipotakiwa kuyavua. Yao iliundwa mwaka 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Waluo. Nyumbani tulifundishwa kuwachukia kwa adabu. Gor ilipolitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini baada ya sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi, mama husimulia kwamba baba aliruka juu kwa kishindo hadi redio ikaanguka. Kesho yake alidai kuwa aliumwa na siafu.

Chuoni, majaliwa yakanipangia chumba kimoja na shabiki wa Gor. Mpambano wa timu hizi mbili huitwa Debi ya Mashemeji, kutokana na ndoa nyingi zilizofungwa baina ya Waluo na Waluhya. Watanzania husema Simba na Yanga ni watani wa jadi. Sisi tukauvuka utani, tukaingia ukweni. Na naona katika jina hilo mna maarifa ambayo wanasiasa wetu hawajayafikia: shemeji unaweza kumkejeli mchana kutwa, lakini msiba ukitokea kwake huna ruhusa ya kutokwenda. Basi nikamwita mwenzangu shemeji, naye akaniita shemeji, ingawa dada zetu hawakuwa na habari.

Shemeji alikuwa mlinda lango wa timu ya chuo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono ambayo ukimwona nayo mesini ungedhani ameiazima kwa mtu mwingine. Uwanja wa chuo ulikuwa bondeni, chini ya mabweni. Nyasi zilisalia kwenye kona nne tu, mahali ambapo watu hawakimbii sana. Katikati palikuwa vumbi mwezi Januari na tope mwezi Aprili. Watazamaji walikuwa thelathini, wakizidi sana hamsini, pamoja na mama muuza njugu na mzee mmoja mlinzi wa lango kuu ambaye aliliacha lango bila mlinzi ili aje kumtazama mlinda lango.

Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na kipaza sauti cha mkono, kilichonunuliwa kwa ajili ya makongamano. Nilikiomba, nikawa mtangazaji wa mechi za nyumbani. Nakiri kwamba mwanzoni nilifanya hivyo kwa kujishaua, nikimwiga Mbotela kwa kila pumzi. Ila polepole bonde lile likawa darasa langu la pili. Darasani tulijadili uundaji wa istilahi kwa utulivu. Bondeni istilahi zilijadiliwa na watu wenye hasira. Niliposema mshambulizi “ameotea”, mzee mlinzi alitaka kujua nani kamwotea nani, maana kwake kuotea ni kuvizia. Nikamweleza kwamba ndivyo hasa: amejibanza nyuma ya mabeki kama mwindaji kichakani, na sheria haitaki uwindaji. Aliridhika mno. Wiki iliyofuata nilimsikia langoni akiwaambia wanafunzi waliorejea usiku wa manane kuwa wameotea.

Shemeji nilimbandika jina la Komeo. Kila alipodaka mpira nilitangaza, “Komeo limefungwa!” na wale thelathini wakaitikia kwa mlio wa mlango. Aliniambia mara moja tu, tukiwa gizani kila mtu kitandani mwake, kwamba akiruka huwa anaisikia sauti yangu kabla mikono haijaugusa mpira.

Timu ya chuo ni kiumbe wa ajabu. Klabu huzeeka, lakini timu ya chuo huhitimu. Ukiizoea safu ya ulinzi, unaiona imevaa joho na kofia, inapigwa picha na wazazi wake, na Septemba unaletewa safu nyingine isiyojua hata njia ya kwenda mesini. Haina kabila, maana imeokotwa na bodi ya udahili kutoka kila pembe ya nchi. Haina mshahara. Katika raga vyuo vyetu vimewahi kufika mbali zaidi: Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ililitwaa Kombe la Kenya mwaka 1989 na tena 1990, vijana wa bwenini wakiwatoa jasho watu wazima wa klabu, na Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta imekuwa na mashabiki wanaoimba hata wakifungwa. Katika kandanda sisi hatukuwa na makuu hayo. Tulikuwa na bonde, Komeo na kipaza sauti.

Tulikuwa pia na runinga. Mwaka huo wa 2004 soka ya Kenya ilikuwa imevurugika. Viongozi walivutana hadi FIFA ikaifungia nchi kwa muda katikati ya mwaka, kama ilivyotufungia tena 2006 na 2022. Wakati huohuo, kwenye kioo cha ukumbini, Arsenal ilikuwa haijafungwa katika mechi 49 za ligi. Arobaini na tisa! Nami, mtoto wa Ingwe, nilikuwa nimejipatia timu ya pili bila kumwarifu baba. Nilijua umri wa Thierry Henry na sikujua umri wa nahodha wetu aliyelala chumba cha tatu kutoka changu.

Mechi ya hamsini ilikuwa dhidi ya Manchester United kwao Old Trafford, na ingeanza baada tu ya saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Mechi yetu ya bondeni, ya kuamua kama tungesonga mbele katika mashindano ya vyuo, ilikuwa saa kumi. Kwa hesabu ya saa, ningeweza kuzitazama zote mbili. Lakini kiti cha ukumbini kilikuwa na hesabu yake: asiyekikalia kufikia saa tisa angesimama ukutani, na aliyesimama ukutani huona visogo. Asubuhi shemeji aliniuliza, “Utakuwepo?” Nikamwambia, “Shemeji, nikose vipi?” Saa tisa kasorobo nilikuwa nimekikalia kiti. Kipaza sauti kilibaki chini ya kitanda.

Kwa muda wa saa tatu nilitazama matangazo ya biashara na wachambuzi waliovaa suti. Mara mbili nilisikia kelele hafifu kutoka bondeni, nikajiambia kwamba ningewahi dakika za mwisho, na mara mbili nikakitazama kiti nikaona ningempa nani anilindie. Hatimaye mechi ya Old Trafford ikaanza. Dakika ya 73 Wayne Rooney akaanguka mbele ya Sol Campbell, refa akapuliza kipenga, na Ruud van Nistelrooy, yule yule aliyegongesha mtambaa panya dhidi ya Arsenal mwaka mmoja kabla, akaweka mpira kwenye doa. Ukumbi mzima ulisimama. Nilishika kichwa, nikanong'ona sala. Akafunga. Dakika za nyongeza Rooney akaongeza la pili, na zile 49 zikaishia hapo. Nililia. Naam, mtu mzima na kitambulisho mfukoni, nililia kwa ajili ya watu ambao hawatakuja kujua kwamba nimewahi kuishi.

Nilipofika chumbani shemeji alikuwa ameketi kitandani, tope limemkauka magotini, akivuna nyasi moja moja kutoka kwenye glavu zake. Hakuniuliza nilikokuwa. Yaliyotokea nilisimuliwa na mzee mlinzi: dakika ya 88, tukiongoza kwa bao moja, beki wetu aliunawa mpira ndani ya kisanduku. Mpigaji alikuwa stadi wao mkubwa. Komeo alisimama kwa muda mrefu akitazama upande wa mlima, pale nilipozoea kusimama, hadi refa akamwamuru atulie. Kisha akaruka kulia, akaupangua kwa ncha za vidole ukapaa juu ya goli. “Tulipiga kelele,” alisema mzee, “lakini hatukujua tupige kelele gani.”

Usiku taa zilipozimwa nilimpongeza. Alikaa kimya nikadhani amelala. Ndipo akasema, “Nilikuwa nataka tu kusikia ungeiitaje, shemeji.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitazama penalti iliyopigwa bara jingine, nikaiona kutoka pembe nne na kwa mwendo wa polepole. Ya mtu ninayeshiriki naye sabuni sikuiona hata mara moja, na hakuna kamera iliyokuwepo kunihurumia.

Baada ya hapo sikukosa mechi ya bondeni hata moja, lakini hakukuwa na penalti nyingine. Tulipohitimu, alijaribu bahati yake katika klabu moja ambayo sitaitaja. Alidumu huko miezi minane, alilipwa miwili. Katika mtihani mmoja wa fasihi simulizi tuliwahi kutakiwa kuieleza methali isemayo kuwa mcheza kwao hutuzwa, nami nikaandika kurasa tatu za sifa. Ningeulizwa leo, ningeuliza kwanza: hutuzwa na nani, na lini? Shemeji alizitundika glavu akiwa na miaka ishirini na sita. Anafundisha hisabati, na huwafunza vijana wa shule yake kudaka.

Gor yake ilisubiri kutoka 1995 hadi 2013 kulitwaa tena taji la ligi, na tangu tulipojuana nilimtumia salamu za rambirambi kila msimu ulipokwisha. Leopards yangu ilishinda ligi mwaka 1998, kisha ukame ukawa wetu. Rambirambi zikageuza njia, na anazituma kwa wakati, pamoja na riba.

Agosti 2025 alinipigia simu. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikiandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, ile iliyowaruhusu tu wachezaji waliosakata soka katika ligi za nchi zao. Vijana hawa, tuliozoea kuwapita tukikimbilia runinga, walikuwa wamewafunga Wakongomani 1-0, Wamoroko 1-0 na Wazambia 1-0, na Kasarani imefurika watu ambao sijui kwa miaka yote walikuwa wamejificha wapi. Pengine walikuwa ukumbini pamoja nami. “Robo fainali,” alisema, “na Madagaska. Nina tiketi mbili. Utakuwepo?”

Safari hii nilifika kabla yake. Watu waliimba kwa Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya na Sheng, wengine nyimbo za Gor, wengine za Leopards, hadi hukuweza kuzitenganisha. Muda wa kawaida na wa nyongeza uliisha 1-1. Tungekuja kushindwa 4-3 kwa mikwaju ya penalti, na watu wangetoka uwanjani kimya kama wanaotoka matangani. Lakini hayo yalikuwa mbele bado. Wakati huo kipa wetu alikuwa ndiyo kwanza anautembelea mstari, akipigapiga viganja, na uwanja mzima umezizima. Shemeji hakuutazama mpira. Alikuwa akizitazama nyayo za kipa. Bila kugeuka akanigusa kwa kiwiko.

“Tangaza,” akasema.

Nikaikunja mikono mbele ya mdomo.