KOPE KWANZA, JICHO BAADAYE!

Wee acha tu, mjini siku hizi mambo ni mengi. Zamani dada akitaka kupendezesha macho alipaka wanja, basi. Sasa anapanda ndege hadi India, anapunguzwa ngozi ya kope iliyolegea, anarudi na macho makubwa kama mcheza sinema. Sina ugomvi na hilo. Hela zake, kope zake.

Ugomvi wangu ni hiyo haraka. Mdogo wangu wa Kinondoni, mtoto wa mama mdogo, alikatwa kope mwezi wa nane. Mwezi wa tisa akanipigia simu: eti sasa anataka leza ya kuondoa miwani, maana harusi yake ni Desemba na hataki kupigwa picha na "vitako vya chupa" usoni. "Dada, si jicho ni lile lile? Wamalizie tu!"

Simu ilinikuta Lukuledi, kwenye barabara ya Masasi kwenda Nachingwea, namuuguza bibi. Na bibi naye, amini usiamini, alikuwa ametoka kukatwa kope! Ila yake si ya urembo. Bibi kazaliwa juu Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako enzi zake maji yalifuatwa bondeni, kushuka na kupanda, ndoo kichwani. Ya kunywa yenyewe shida, ya kumnawisha mtoto uso utayatoa wapi? Vikope vinapenda hali hiyo. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita trakoma, hupita jicho hadi jicho kwa vidole, vitambaa na nzi. Ukimrudia mtu miaka na miaka, unaacha makovu ndani ya kope, kope inajikunja, na nywele zake zinakwangua jicho kila akipepesa. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Mwaka 1998 mataifa yalikubaliana kuumaliza ifikapo 2020. 2020 ikapita, sasa inasemwa 2030.

Bibi ana mtoto wa jicho pia, jicho hilo hilo. Naye alitaka vyote siku moja! Msimu wa korosho umekaribia, na kubangua korosho huoni ni kujiunguza vidole kwa mafuta ya ganda. Daktari akakataa katakata. Kwanza kope inyooshwe, ipone, aitazame baada ya miezi kadhaa, maana nywele huweza kujikunja tena. Ukilifungua jicho huku nywele chafu zinalikwangua, vijidudu vikiingia ndani umelipoteza. Bibi alinung'unika kwa Kimakonde, maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Basi nikamweleza mdogo wangu. Ya kwake ni tofauti na ya bibi, lakini foleni ni ile ile. Leza hainyooshi macho kwa miujiza. Inachonga konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ambacho unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Inachonga kwa kufuata vipimo. Sasa kope iliyokatwa juzi bado imevimba, inalikandamiza jicho, na konea inabadilika umbo kidogo. Ukipimwa leo unapimwa uvimbe! Wiki zikipita, kope inatulia, kipimo kinahama, na kilichochongwa hakirudishwi kwa gundi.

Halafu kuna ukavu. Baada ya kukatwa kope, wengine hawafumbi vizuri kwa muda, macho yanakauka. Leza nayo hukata mishipa midogo ya fahamu inayoliamsha chozi, na ukavu wake huchukua miezi. Kaunganisha yote mawili, bibi harusi atalia bila machozi. Tena wakati wa leza kope hutanuliwa kwa kifaa. Mshono mbichi unataka nini hapo?

Madaktari wengi husema angalau miezi mitatu, wengine sita, na wapo wanaoshauri kuanza na leza, kope zifuate. Mimi ningetazama kitu kimoja kuliko kalenda: vipimo viwili, vilivyopishana wiki kadhaa, vinalingana? Na wanaovaa lenzi za kubandika waziache kwanza, maana nazo hubadilisha konea.

Alinuna siku mbili. Ya tatu akanitumia picha za fremu nne za miwani, nimchagulie inayoendana na shela. Nikamchagulia ya dhahabu. Leza kaisogeza hadi Machi, vipimo vikikubali. Bibi hajapangiwa tarehe ya mtoto wa jicho, na korosho za mwaka huu nabangua mimi.