Furaha ya Kutafuta

Msomaji wangu kijana, nikikuambia kwamba mtu aweza kuichagua furaha, yamkini utanitazama kama mimi nilivyomtazama mama yangu mwaka 1997, nilipokuwa kidato cha pili. Nilimtazama kwa hasira. Basi sikuombi uniamini mara moja. Nakuomba unisikilize tu, kisha unihukumu.

Tulikaa Kawangware katika chumba kimoja cha mabati: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Shule yangu ilikuwa Kibera, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu. Nilishuka kwa Barabara ya Naivasha hata Dagoretti Corner, nikaandama Barabara ya Ngong, kisha nikaingia Kibera kwa upande wa Makina. Jina la Kibera latokana na neno la Wanubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa askari wa Kinubi wa jeshi la Waingereza ndio waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika siku zangu miti ilikuwa imekwisha zamani. Msitu uliobaki ulikuwa wa mabati.

Mama alifua nguo za watu. Kila alfajiri alikwenda Lavington, mtaa wa wenye mali unaopakana na Kawangware, akaketi kando ya barabara pamoja na wanawake wenzake, wakimngoja mwenye nyumba atakayetokea na kunyosha kidole: wewe, na wewe. Siku nyingine kidole hakikumwelekea, akarudi adhuhuri mikono mitupu. Toka lango la tajiri hata mlango wetu palikuwa karibu kuliko safari yangu ya shule, na jambo hilo lilinichoma kupita njaa.

Jioni, akichambua maharagwe mbele ya jiko la makaa, mama alikuwa na desturi ya kutaja kitu kimoja chema kilichompata siku ile. Hakukiita shukrani wala sala. Alikiita “cha leo.” Aghalabu kilikuwa kidogo sana: mwajiri aliyemwuliza jina lake, kipande cha sabuni alichopewa aende nacho, jua lililokausha mashuka kabla ya saa nane. Wadogo zangu walipenda mchezo ule, nao wakataja vyao. Mimi nilinyamaza, nikijiona mwenye akili kuwapita wote.

Mwisho wa mwaka ule zikaja mvua za El Niño. Usiku mmoja wa Novemba bati likavuja juu ya daftari zangu. Wino ukayeyuka, na kazi ya mwaka mzima ikawa madoa ya buluu. Jioni iliyofuata mama akaanza, “Cha leo…” Sikumwacha amalize. Nikasema, “Mama, umaskini umekuzoea hata unaushukuru. Cha leo hakiezeki nyumba.”

Hakunijibu. Aliendelea kuchambua maharagwe. Kesho yake hakutaja kitu, wala kesho kutwa. Siku ya tatu mdogo wangu akauliza, “Mama, leo hakuna?” Akajibiwa, “Leo hakuna, mwanangu.” Chumba kile, ambacho siku zote kilikuwa kidogo, kikazidi kuwa kidogo. Bati lilivuja vilevile. Neno langu la kweli halikuziba hata tundu moja.

Siku ya nne nilikwenda shule nikitafuta. Sikutafuta kwa wema, msomaji; nilitafuta kwa aibu. Asubuhi kutwa sikuona kitu. Alasiri, nikirudi kwa njia ya reli, maana wakati ule kwingine kote kulikuwa tope tupu, nikamwona fundi viatu mzee akitandika magunia kwenye mteremko ili wanafunzi wasiteleze. Nilikuwa nimeyakanyaga magunia yale kwa siku kadha wa kadha, wala sikuwahi kujiuliza nani aliyeyaweka.

Nikamwambia mama. Alinitazama kitambo, kisha akasema, “Haya baba, hicho ndicho cha leo.” (Aliniita baba kwa kuwa nina jina la baba yake.) Akaongeza: “Wadhani mimi huviona vikija vyenyewe? Huvitafuta. Siku nyingine hutafuta hata magharibi nisipate, nikawapa cha juzi.”

Nilikuwa nimedhani kwamba mama alizaliwa na moyo mwepesi, kama mtu azaliwavyo na sauti nzuri. Kumbe ile ilikuwa kazi kama kufua, tena ilimchosha. Wala hakuwa kipofu. Makali ya dunia aliyajua kuliko mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeketi kando ya barabara. Jumamosi ile tulipanda juu ya paa, mimi na yeye, tukaziba matundu kwa lami.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma habari za jaribio lililofanywa katika shule moja ya sekondari ya Kibera, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Wanafunzi 51 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. La pili lilipewa mafunzo yaliyoitwa Shamiri, neno letu lenye maana ya kustawi: kwamba mtu aweza kubadilika na kukua, kutambua mambo ya kushukuru, na kuyajua yale anayoyathamini. Waliofundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliotoka sekondari karibuni. Walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki nne tu. Dalili za kundi la Shamiri zilipungua zaidi kuliko za wenzao. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413, nayo yakaelekea huko huko. Niliposoma nilicheka peke yangu. Mama hakuwahi kuiona chumba cha sekondari.

Lakini angalia vema. Huzuni ya wanafunzi wale ilipungua kwa kuketi na wengine na kusema. Haikupungua kwa kuificha. Ikikukalia huzuni isiyoondoka, mwambie mtu mzima unayemwamini, wala usione haya. Tena asije mtu akaitumia insha hii kumwambia mwenye njaa achague furaha. Mnamo Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa makao kwa siku chache. Mbele ya tingatinga kuna kudai haki, na anayedai haki hajakosa shukrani. Mama yangu, mtafutaji wa cha leo, ndiye aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wenzake kukataa malipo duni, akainuka na kurudi nyumbani.

Sasa ni mzee, na bado akaa Kawangware, siku hizi katika nyumba ya mawe. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimechoka, nimesahihisha mitihani wiki nzima. Akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, “Baba, cha leo?” Nikafikiri sana, nisipate. Nikampa cha juzi. Alikijua mara moja kuwa ni cha juzi, akacheka, akanisogezea nusu ya maharagwe nichambue.