Kondoo wa Fidia

Kondoo tulipewa na mfugaji wa Kisukuma, baada ya ng'ombe wake kulala usiku kucha kwenye mpunga wetu kule bondeni, upande wa delta. Wa Kibiti wanaijua habari hii. Tangu wafugaji waondolewe Usangu mwaka 2006, na baadhi yao kushuka huku, kesi za mkulima na mfugaji haziishi. Ya kwetu ilimalizwa kwa mwenyekiti wa kijiji: kondoo majike wawili, watu wakapeana mikono.

Masika yakiwa katikati, mmoja akaanza kuhema. Amesimama kivulini, hajakimbizwa na mtu, mbavu zinapanda na kushuka. Baba akasema neno moja tu: "Katupiga." Nikajua kesi inarudi, na safari hii haitaishia kwa mwenyekiti.

Usiku, kwa kiherehere changu, nikasoma kwenye simu. Afrika Kusini kuna ugonjwa waliouita jaagsiekte, yaani ugonjwa wa kukimbizwa, kwa vile kondoo huhema kama aliyefukuzwa. Ni saratani ya mapafu inayoletwa na kirusi. Dolly, yule kondoo maarufu wa Uskoti, alikuwa nao alipolazwa usingizi wa mwisho Februari 2003. Lakini kilichoninyima usingizi ni habari ya kinga. Kondoo huzaliwa na angalau nakala 27 za virusi vya ukoo huohuo ndani ya jeni zake, urithi wa mababu. Kwa hiyo kirusi kikiingia, mwili unakichukulia kama ndugu, ndivyo wataalamu wanavyoona. Haupigani. Ukipima damu, kingamwili huzioni. Uvimbe unakua miezi, hata miaka, na mnyama anakula vizuri tu. Chanjo hakuna, dawa hakuna.

Asubuhi akaja afisa mifugo. Nikamsimulia, akacheka, akasema yeye kila masika anaona homa ya mapafu ya kawaida. Hata hivyo akamwinua miguu ya nyuma, kichwa chini. Mwenye ugonjwa ule hutiririka maji puani. Wetu hakutoa hata tone. Akamchoma sindano, akaondoka. (Pua kavu nayo si ushahidi, maji huja ugonjwa ukishakomaa. Hilo sikulisema.)

"Sasa yule mzee alijua, au hakujua?" baba akaniuliza.

"Kama ni homa, kaipatia hapa kwetu, baba. Kama ni ule mwingine, hata angepima damu asingejua."

Akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akaomba simu yangu. Salamu peke yake zilichukua dakika tatu. Halafu nikamsikia:

"Na hao uliobaki nao, wanahema vizuri?"