SEHEMU YA 6: Baba Mchungaji, Wewe Unaambiwa Kabla Yangu

Leo naongea na wachungaji, mapadri, makatekista, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi vya maombi wa huku kwetu Kimali, na popote mlipo Simiyu. Kama wewe si kiongozi, soma halafu mtumie kiongozi wako.

Mwanamke aliyepigwa au kubakwa mara nyingi haanzi kwangu. Polisi ndiyo kabisa. Anaanza kwa mama yake, kwa shangazi, au kwako wewe baba mchungaji. Neno la kwanza utakalomjibu ndilo litaamua kama mimi nitamwona leo, wiki ijayo, au sitamwona kabisa.

Aliyebakwa akifika ndani ya saa 72 tunaweza kumpa dawa za kumkinga na VVU. Zikipita, hizo dawa hazimsaidii tena. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura nayo ina siku 5 tu, na akiwahi ndiyo bora zaidi. Sasa piga hesabu. Kabakwa Jumatatu, kakwambia Jumatatu hiyo hiyo, ukamjibu: "Tulia mama, Jumapili baada ya ibada tutakaa na wazee." Saa 72 zimeisha Alhamisi. Hukuwa na nia mbaya, lakini muda umeshapita.

Msiseme hayo ni ya mjini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake 27 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa 2015/16 ulikuta 40. Imepungua, Mungu ni mwema, lakini 27 bado ni wengi. Hao wako kwenye kwaya yako, wanakupigia vigelegele.

Na huku kwetu tunajua msimu wake. Mama kalima pamba, kapalilia, kavuna mgongo ukimuuma. Siku ya mauzo hela inaingia mfuko wa baba. Mama akiuliza ada ya watoto, ngumi. Nawaomba hubirini hilo mapema, kabla pamba haijafika kwenye mizani.

Basi ufanye nini? Nasema kama nesi:

1. Mwamini, msikilize faragha. Usimuulize alivaa nini wala alimjibu nini mumewe.

2. Usimpigie mume simu kwanza, wala usiwakalishe pamoja siku hiyo. Mbele ya mumewe atasema "yameisha", halafu usiku atalipia kila neno alilokwambia.

3. Msindikize kituo cha afya. Tafuta mama mmoja anayeaminika aende naye. Kama kabakwa, asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, siyo rambo. PF3 inatoka polisi, ila mtu mwenye hali ya dharura anatibiwa kwanza. Polisi aulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa ni mtoto, piga 116, ni bure.

4. Jua mipaka ya usuluhishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inayatambua mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na kanisa linaweza kuwa na lake. Lakini kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na ubakaji ni jinai, mtu mzima akitiwa hatiani kifungo hakipungui miaka 30. Hayo hayamalizwi kwa ng'ombe wawili na sala ya kufunga kikao.

5. Aliyefanya akiwa mzee wa kanisa, asiendelee kukaa kiti cha mbele huku mama wa watu anakaa nje.

6. Usitabiri mchawi. Jamani, hili la Usukumani tunalijua. Bibi zetu wamepika miaka yote kwa kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Moshi umewafanya macho mekundu, na kwa macho hayo wengine wameuawa. Mtumishi akisema madhabahuni "adui yako ni mwanamke mzee wa ukoo wenu", kuna kijana anaondoka pale na panga kichwani mwake.

Mahubiri nayo yana kazi. Waefeso 5 mstari wa 22 tunausikia kila harusi. Mstari wa 25, unaomdai mume upendo wa kujitoa, unapitwa mbio mbio. Na ni lini mara ya mwisho ulihubiri 2 Samweli 13? Tamari kabakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu akamwambia anyamaze. Daudi akakasirika, basi, hakuchukua hatua. Mwisho wake wakauana. Kunyamazishana hakukuleta amani hata kwenye nyumba ya mfalme.

Na inawezekana kubadilika. Huko Ituri, mashariki mwa Kongo, vijiji 15 vya eneo la Rethy vilifanya kazi hii kupitia viongozi wa dini, wakiwa na mashirika ya Kikristo ya Tearfund na HEAL Africa. Mwaka 2015 wanawake 69 kati ya 100 walisema wametendewa ukatili na wenza wao ndani ya miezi 12. Mwaka 2018 walikuwa 29. Huenda na mambo mengine yalichangia, sikatai. Lakini ni watu waliotoka vitani, wenye shida kuliko zetu, na walianzia kanisani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wiki hii ni dogo. Nenda kituo cha afya kilicho karibu na kanisa lako, jitambulishe, uliza nani anashughulika na kesi za ukatili, chukua namba yake. Ihifadhi kwenye simu yako kabla hujaihitaji.

Sehemu ya 7 nitaeleza PF3 hatua kwa hatua, maana maswali yamekuwa mengi. Mbaki salama.