Saa Sita Kasoro, Mbele ya Shule

Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Manispaa ya Mpanda. Sina mshahara. Nina muhuri, daftari la wakazi na simu isiyonyamaza. Shule yetu ya msingi iko ng'ambo ya lami, nyumba nyingi ziko upande huu.

Mgeni hudhani hatari ni asubuhi. Asubuhi watoto huvuka kwa makundi, na mwalimu wa zamu yupo na kitambaa chekundu. Hatari ni saa sita kasoro, darasa la kwanza na la pili wanapotoka, walimu wakiwa bado wanafundisha wakubwa. Msimu wa mavuno, saa hiyo ndipo yanapopita malori yaliyotoka kupakia mpunga Mwamkulu, na bodaboda wanayapita kulia na kushoto. Siku moja nilipanda kwenye kichwa cha lori lililoegeshwa, nikamwambia mtoto wa darasa la kwanza asimame mbele ya bampa. Nikakaa kiti cha dereva. Sikumwona. Niliona lami tu.

Wazazi wanataka tuta, lakini mtaa hauna mamlaka ya kulijenga. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mjini na vijijini ni za TARURA tangu 2017, na anayeweka kizuizi bila kibali anavunja sheria. Kazi yangu ni muhtasari wa mkutano, barua, na nakala kwa mtendaji wa kata. Wazazi wanaona mwenyekiti amelala.

Mtoto alipogongwa na pikipiki akavunjika paja, usiku ule ule wazazi wakajaza mawe na udongo barabarani. Alfajiri bajaji ikapinduka pale, mama mmoja akaumia mkono. Polisi waliniita mimi. Jioni tuta likasawazishwa kwa majembe, na wazazi wale wale wakasema nimeliuza.

Lakini kilichonielemea ni vibanda. Vya chipsi na vya mitumba vimesogea mpaka ukingoni mwa lami, kwa hiyo mtoto anayetaka kuchungulia gari huwa ameshaingia barabarani. Niliwaomba wenye vibanda warudi nyuma hatua tano. Hatua tano tu! Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulikuwa umekaribia, na mpinzani wangu akapita kibanda kwa kibanda akisema nataka kuwafukuza. Wenzangu kwenye chama wakanishauri niliache jambo hilo hadi kura zipigwe. Nikaliacha wiki sita. Ninazijutia zote, maana watoto waliendelea kuvuka pale pale.

Dawa inajulikana. Dar es Salaam, shirika la Amend lilijenga matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko kwenye shule kupitia mradi wa SARSAI, uliopata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Ni zege, rangi na vibao.

Sisi tuna kivuko tulichochora kwa chokaa, na mvua mbili zinakifuta. Wazazi wawili husimama kwa zamu kila mchana, wengine wakiwa wameacha biashara zao. Dereva unayeingia Mpanda, ukimwona mama kando ya lami ameinua kitambaa chekundu, usipige honi. Simama kabisa. Anamwona mtoto ambaye wewe, ulipokaa, humwoni.